Jadili Nafasi ya Mwanamume (Alama 20)

Kama ulipitia sekondari Kenya hii, kuna swali unaweza kulijibu hata ukiamshwa saa nane usiku. "Jadili nafasi ya mwanamke katika riwaya ya Chozi la Heri. Alama 20." Kalamu inaenda yenyewe. Mwanamke ni mlezi. Mwanamke ni mwenye bidii. Mwanamke ni chombo cha starehe. Mwanamke ni msaliti. Mwanamke ni mwanamapinduzi. Hoja kumi, kila hoja alama mbili, mfano mmoja kutoka kitabuni, unamalizia na "hivyo basi", karatasi inakusanywa.

Tulizikariri hizo hoja kama namba ya siri ya M-Pesa. Kuna wasee walizitoa kwa mwongozo bila hata kufungua riwaya, na wakapita vizuri tu. Hiyo sina noma nayo, mtihani ni mtihani. Noma yangu ni moja. Hebu kumbuka polepole: ni mara ngapi mwalimu aliandika ubaoni "Jadili nafasi ya mwanamume"?

Nimewauliza watu hili swali kwa laivu mara kadhaa. Huwa kunakuwa kimya kidogo, halafu mtu anaandika "hahaha". Kisha mwingine anauliza: "Kwani mwanamume ana nafasi gani? Yeye ni mwanamume tu."

Yeye ni mwanamume tu. Soma hiyo tena. Yaani mwanamke ni mada, mwanamume ni mtu. Mwanamke anachunguzwa, anapewa hoja, anahesabiwa alama. Mwanamume yuko tu hapo, kama hewa.

Hata neno lenyewe linatusengenya. Ukiwa steji jioni, konda anaita, "Nafasi ya mmoja! Nafasi ya mmoja!" Anayetafutiwa nafasi ni yule bado yuko nje na mvua inamnyeshea. Aliyekaa dirishani kitambo akichezea simu hatafutiwi nafasi. Sisi miaka yote tumekuwa tukimtafutia mwanamke nafasi kwa hii gari. Hatujawahi kugeuka tuulize nani alijaza viti, na alilipa nini.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so usitegemee niongee kama profesa. Lakini hivi vitabu nilivisoma, vingine mara tatu, na nadhani tulifundishwa kuvisoma na jicho moja limefungwa.

Faili mbili

Chukua Kigogo ya Pauline Kea. Ashua, mke wa Sudi, anaenda kwa Majoka kuomba msaada kwa sababu kwake mambo yamekauka. Majoka anamtamani. Mwishowe Ashua anajikuta amefungiwa, amegeuzwa chambo, ili mumewe akubali kuchonga kinyago cha kumsifu shujaa wa serikali.

Sasa kumbuka tulivyofundishwa kupanga notisi. Ashua tulimweka chini ya "nafasi ya mwanamke: hutumiwa kama chombo". Majoka tulimweka chini ya "uongozi mbaya". Umeona huo mchezo? Kitendo ni kimoja, watu ni wawili, lakini faili ni mbili. Alichotendewa Ashua kikawa habari ya wanawake. Alichotenda Majoka kikawa siasa. Hakuna mahali tuliambiwa tuandike: mwanamume katika tamthilia hii huchukulia shida ya mwanamke kama mlango wa kuingilia.

Nenda kwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Naomi anamwacha mumewe Lunga na watoto wao mambo yalipokuwa magumu. Darasa zima lilimchukia Naomi. Mpaka leo ukimtaja mtu anasonya. Sawa, mchukie, ana makosa yake. Lakini ndani ya riwaya hiyo hiyo kuna mtu anaitwa Fumba. Unamkumbuka? Mwalimu. Alimpa mimba Rehema, mwanafunzi wake. Mtoto aliyezaliwa ni Chandachema, ambaye aliishia kulelewa na nyanyake. Ni nani darasani alimsonyea Fumba? Ni nani anakumbuka hata jina lake bila kuangalia? Mama akiacha mtoto, huyo ni mhusika mkuu wa mjadala. Baba akiacha mtoto, hiyo ni mandhari.

Kuna na mabinti wa Kaizari, Lime na Mwanaheri, wanaobakwa na genge la vijana wakati wa fujo za uchaguzi. Sisi tuliandika "athari za vita", "ukabila". Kweli kulikuwa na ukabila. Lakini ukabila haukuvua suruali. Kuna vijana walifanya uamuzi, wavulana wa rika letu, na sisi tukawapa jina la tatizo la kijamii ili tusiwape jina lao.

Na hizo fujo zenyewe zilianzaje? Mwanamke anayeitwa Mwekevu alishinda uchaguzi, na wanaume wakaona heri nchi iungue kuliko kuongozwa na yeye. Tukiwa fomu tatu tuliona hiyo ni hadithi. Ukikua unaangalia nje ya dirisha, unaona mwandishi hakubuni sana. Katiba yetu ya 2010 inasema vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Bunge lilikataa kupitisha sheria ya kutekeleza hilo, mara moja, mara mbili, mara nyingine tena, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akamshauri Rais alivunje Bunge lenyewe. Halikuvunjwa. Wabunge wakaendelea kukunywa chai. Mwaka wa 2022 tukapata magavana wanawake 7 kati ya 47, na watu wakaanza kulalamika ati "wanawake wamechukua kila kitu". Saba. Kati ya arobaini na saba.

Vitabu vya baba, mahubiri kwa binti

Hii tabia haikuanza na sisi. Dada zetu wakubwa walisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980. Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba kama mzigo wa duka, huku yeye mwenyewe huko nje anafanya uchafu wa kila aina. Maimuna anapotoroka anaangukia maisha mabaya. Muulize mtu yeyote aliyekisoma kitabu hicho kinafundisha nini. Atakwambia: wasichana wasitoroke nyumbani.

Buda, kitabu kizima kinamwonyesha baba!

Nenda nyuma zaidi, 1971, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Zakaria ni mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua tu kutoka kwa mvulana. Rosa anakua akiogopa wavulana kama simba, halafu anatoka nyumbani bila kujua lolote, na unajua yanayofuata. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania, watu wakisema kitaharibu wasichana. Mimi nakiona ni kitabu kinachouliza baba mlevi mwenye mkono mwepesi anaharibu nini. Lakini jamii ilipoona kioo, ilikimbia kuwafunika wasichana macho.

Hata tukirudi hadi 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utendi wake akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake wosia wa jinsi ya kuishi, na sehemu kubwa ni jinsi ya kumtunza mume na kumridhisha. Simtukani Mwana Kupona. Huyo ni mama anayejua anakufa, anayejua dunia anayomwachia mtoto wake inaendeshwa na nani, na anamwonyesha pa kukanyaga ili asiumie. Ni werevu huo. Lakini jiulize: yule mume wa kesho, yeye alitungiwa nini? Ni wosia gani wa kumtunza mke ambao wewe, mvulana wa Kiswahili, ulikaririshwa? Unaweza kunitajia ubeti hata mmoja?

Kuoa na kuolewa

Sarufi tuliyofundishwa pia ina mambo yake. Kiswahili ni lugha poa sana kwa hii maneno. Hakitenganishi mwanamke na mwanamume kwa "yeye". Mwalimu anakuja, daktari anakuja, rais anakuja, hujui ni nani mpaka afike. Usawa uko ndani ya viambishi vyetu kabla hata ya katiba.

Halafu tunafika kwa ndoa, na kitenzi kinabadilika. Yeye anaoa. Mimi naolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Na babangu ananioza. Kauli ya kutenda, kauli ya kutendwa, kauli ya kutendesha, na mimi katika zote tatu sijawahi kuwa mtenda. Kuna hata methali kwamba mke ni nguo, mgomba kupalilia. Nguo na mgomba, kwa sentensi moja. Mtu hayumo.

Unaweza kuniambia ni lugha tu, wacha kutafuta ugomvi na viambishi. Sawa. Machi 2014, wabunge wanaume walibadilisha mswada wa ndoa usiku ili mume asihitaji idhini ya mkewe kabla ya kuleta mwingine. Wabunge wanawake walitoka nje kwa hasira. Mswada ulipita, ukawa sheria mwaka huo huo. Hiyo ndiyo sarufi ikivaa suti: anaoa, anaoa tena, anaolewa hana la kusema.

Na kwetu nyumbani ilivaa hivi. Karo ya chuo ilipogoma, tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu. Kikao kilikaliwa, chai ikanywewa, na sentensi ikatoka kwa mjomba, kwa upole kabisa, bila ubaya wowote: "Huyu si ataolewa." Hakuna aliyepiga meza. Hakuna aliyeniita mjinga. Kitenzi kimoja kwa kauli ya kutendwa, na mwaka wangu wa tatu ukaishia hapo. Kaka yangu si adui yangu, tunaongea kila wiki, na alisoma kwa bidii. Lakini hakuna mtu kwa hicho kikao aliuliza, "Na huyu kijana, yeye ataoa, kwa nini tusiseme atatunzwa na mkewe?" Hilo swali halikuwepo kwa karatasi.

Ukihamia kwa hiyo ndoa yenyewe, utafiti wa KNBS wa 2021 kuhusu jinsi Wakenya wanavyotumia muda ulionyesha wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Mara tano. Halafu jioni mtu anakaa kwa kiti anauliza mbona wanawake wa siku hizi wanachoka haraka.

Alikuwa anafanya nini huko?

Hapa sasa ndipo swali la mtihani linakuwa la kufa na kupona.

Januari 2024 wanawake waliuawa mfululizo, wengine kwa nyumba za kukodi za Airbnb. Tarehe 27 mwezi huo maelfu walijaa barabarani Nairobi na miji mingine. Mimi nilisoma komenti siku hizo mpaka nikazima simu. Unajua ziliuliza nini? "Alikuwa anafanya nini huko?" "Alienda kutafuta nini?" "Wacha wajifunze, wanakula sana nauli za watu." Maelfu ya watu waliofunzwa vizuri wakijibu swali wanalolijua: jadili nafasi ya mwanamke. Mwanamke ni mwenye tamaa, alama mbili. Mwanamke ni mpotovu, alama mbili.

Na huyo mwanamume mwenye kisu? Alikuwa anafanya nini huko? Yeye alienda kutafuta nini? Huyo hana hoja hata moja. Yeye ni mwanamume tu.

Wacha basi tuchukue wanawake ambao hawakuwa Airbnb na hawakula nauli ya mtu. Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika 2015. Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee. Mwezi uliofuata alipatikana amedungwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Mumewe ndiye alishtakiwa. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka tu kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake Trans Nzoia. Alifariki hospitalini Eldoret siku chache baadaye. Aliyetajwa ni mpenzi wake wa zamani, ambaye naye alikufa kwa majeraha ya moto huo huo. Ripoti ya utawala wa eneo hilo ilisema walikuwa wakigombania kipande cha ardhi iliposimama nyumba.

Hawa walikuwa na bidii. Walikuwa na pesa zao. Walikuwa nyumbani kwao. Walitimiza kila hoja nzuri kwenye orodha ya mwongozo. Na bado. Kwa sababu jibu halikuwahi kuwa kwa upande wao wa karatasi.

Mwishoni mwa 2024 polisi wenyewe walisema wanawake 97 waliuawa ndani ya miezi mitatu. Piga hesabu, ni zaidi ya mmoja kwa siku. Tarehe 10 Desemba wanawake walipoandamana tena Nairobi kupinga mauaji hayo, walirushiwa gesi ya kutoa machozi. Na usidhani ni visa vya mbali. Utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2022 ulipata kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafike miaka 15. Kwa kila wanawake watatu unaowajua, weka mmoja. Sasa weka na aliyempiga. Yuko wapi kwa hesabu yako? Si lazima awe ametoka nchi nyingine. Ni mtu wa mtu. Ana namba kwa simu yako.

Najua unachotaka kuandika

"Mtoto wa kiume amesahaulika."

Hapa nitaongea na wewe kwa heshima kwa sababu hii ina ukweli ndani. Vijana wanazama. Pombe ya bei rahisi, kamari kwa simu, kukaa jobless miaka minne na digrii, na kufundishwa tangu ukiwa mdogo kwamba mwanaume halii. Ninawaona mtaani, ni marafiki zangu. Lakini hebu angalia ni nani anauziwa jibu gani. Unaambiwa adui yako ni msichana aliyepewa sodo shuleni. Sheria ya 2017 ya kuwapa wasichana sodo ilitokana na kwamba wasichana walikuwa wakikosa shule kwa sababu ya damu. Hiyo si zawadi iliyotoka mfukoni mwako. Msichana akipata sodo wewe hupotezi kalamu.

Aliyekusahau ni nani hasa? Baba aliyeondoka bila kusema. Mkubwa wako aliyekufunza kunywa kabla hajakufunza kuongea. Na sasa hivi, makocha wa uanaume mtandaoni, wanaume wenye maiki na kozi ya kulipia, wanaokwambia usimwamini mwanamke yeyote halafu wanakuuzia upweke wako kwa awamu. Ona, hawa wote ni wanaume, na hakuna hata siku moja tumewaandikia hoja. Kuuliza nafasi ya mwanamume si kukushambulia. Ni mara ya kwanza mtu anakuuliza unaendeleaje na ungojee jibu.

"Huu ni Uzungu, si utamaduni wetu."

Utamaduni wa nani? Tarehe 16 Machi 1922, hapa Nairobi, watu walikusanyika kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe. Viongozi wanaume walipotoka kuzungumza na serikali waliwaambia watu waende nyumbani. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake mbele yao wote na kuwaambia wanaume wachukue hiyo nguo wavae wao, wampe yeye suruali zao, kwa maana kiongozi wao alikuwa ndani nao wanaogopa. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Muthoni akawa miongoni mwa waliouawa.

Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, bila intaneti, bila semina ya wafadhili, mwanamke Mkikuyu alisimama barabarani akauliza hili swali langu kwa sauti: nafasi yenu ninyi ni gani hapa? So usiniambie nimelitoa kwa Wazungu.

Na tumewajibu vipi wanawake wa namna hiyo? 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo refu lisijengwe Uhuru Park, wabunge walisimama ndani ya Bunge wakacheka, wakasema wenzake ni kundi la wanawake walioachika. Hawakujibu hoja ya bustani. Walijibu nafasi ya mwanamke. Leo wewe unapiga picha kwa hiyo bustani. Jengo halikujengwa.

"Si wanaume wote."

Kweli, si wote. Basi nyinyi wengine mko wapi? Maana wale wabaya tunajua walipo, wako kazini kila siku. Nyinyi wazuri ndio sijui mnaripoti wapi. Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo mchana hapa mjini Nairobi kwa sababu ya alivyovaa, watu wakirekodi. Wanaume wazuri hawakukosa kuwa hapo. Walikuwa wameshika simu.

Grupu ya WhatsApp ikitumwa picha ya uchi ya msichana aliyeachana na msee wenu, hao wazuri husema nini? Huandika "mambo ya watu hayo" na kushuka chini taratibu. Rafiki yenu akimpiga demu wake, mnasema ana hasira za karibu. Akija kupatikana amemuua, mnaambia waandishi wa habari alikuwa mtu mpole. Lazima alikuwa mpole. Kwenu hakuwahi kuwa na sababu ya kuwa vingine.

Sasa tufanye nini

Walimu wa Kiswahili, najua mko huku, mnanifuata kimya kimya. Muhula ujao, wekeni hilo swali. Kitabu chochote mnachofundisha, andikeni ubaoni nafasi ya mwanamume, alama 20, na muwaache wavulana waandike wenyewe. Mtashangaa watakachosema kuhusu baba zao.

Wasichana, acheni kujibu swali ambalo halikuwa lenu. Mtu akikuuliza mwenzako alikuwa anafanya nini huko, usianze kueleza alikuwa msichana mzuri, alikuwa anasoma, alikuwa anaenda kanisani. Hata kama hakuwa anaenda kanisani, hakustahili kufa. Rudisha swali lilikotoka.

Na nyinyi vijana, sikuombi uandamane na mimi, sikuombi uvae fulana. Naomba kitu kigumu zaidi. Wiki hii, kwa ile grupu yenu, msee mmoja atasema kitu. Unajua ni nani na unajua atasema nini. Mwambie wewe, si mimi. Mimi nikimwambia atasema natafuta bwana. Wewe akikusikia atanyamaza angalau siku moja, na kuna msichana mahali ambaye hiyo siku moja itamfikisha nyumbani.

Wale wa "huyu anahitaji kuolewa atulie", komenti ziko wazi kama kawaida. Lakini leo jibuni swali kwanza. Hoja kumi, na mifano.